Beseni la Watu Wawili

Sabato njema, wapendwa. Nimeambiwa nisikae sana hapa mbele, na mwenye ananijua anajua hiyo ni kazi. Nitajaribu.

Mimi ni mama wa kusugua mawe, huko Tabaka. Wanaume wakishachonga wanyama wa mawe, sisi tunasugua kwa msasa na maji mpaka jiwe linakuwa laini. Beseni moja, watu wawili. Unaketi na mwenzako asubuhi mpaka jioni, mikono yenu ndani ya maji yale yale, na mambo yote ya nyumbani mnaambiana. Nilikuwa na mwenzangu. Sitamtaja, na mkitoka hapa msianze kuulizana ni nani, maana hapo ushuhuda wangu utakuwa umbea.

Mama mkwe wangu aliugua koo. Chakula kikakataa kupita. Nilimlisha uji wa wimbi kwa kijiko, kidogo kidogo, na bado alizidi kukonda. Watu walikuja kumwona, wakaona mifupa. Halafu neno likatoka kwamba mke wa mwana anamnyima mzee chakula. Nikafuatilia limeanzia wapi. Ndugu zangu, nawaambia, lilianzia kwa beseni langu. Mwenzangu ndiye alilisema.

Nilijifunga leso kiunoni, nikitaka kwenda kumwambia yangu yote mbele ya watu. Mama mkwe akanishika mkono. Akasema kwa sauti ile ya mgonjwa, "Nilishe kwanza. Ukienda kugombana, uji utapoa." Nikaketi, nikamlisha.

Alipofariki, hata kwenye matanga watu walikuwa wanachungulia sufuria zangu. Baada ya hapo nilianguka. Niliacha mawe, nikaacha kuja kanisani, nikawa nalala mchana mlango umefungwa. Na mnajua kilichoniuma zaidi? Nilimkosa mama mkwe, ndiyo, lakini nilimkosa na yule mwenzangu. Nilikuwa na msiba, na mtu niliyetamani kumwelezea ni yeye, na ni yeye aliyenisema. Hata kicheko chake nilikitamani, na anacheka vibaya kweli.

Siku moja mama mmoja wa kanisa hili alikuja kwangu, beseni kichwani na mawe kwa gunia. Hakuuliza kama lile neno ni kweli. Aliniambia tu, "Songa na mimi niketi." Tukasugua. Kesho yake akarudi. Hivyo ndivyo nilivyotoka kitandani, mpaka akanirudisha kwa wenzangu.

Kufika, mwenzangu hayupo. Shida ilikuwa imeingia kwake. Shida gani, sisemi; mwenye anataka kujua apige magoti amwombee, Mungu anaijua. Wamama wakanigeukia. "Wewe ndiye unamjua vizuri. Si utuambie?"

Na nilikuwa najua! Lile neno juu yangu lilikuwa uongo, lakini lake nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa kweli tupu, alikuwa ameniambia mwenyewe tukisugua. Ulimi uliniwasha, wapendwa, siwafichi. Halafu nikakumbuka ule uji. Nikasema, "Huyo ndiye alinifundisha kutoa mkwaruzo bila kuvunja sikio la kiboko wa jiwe. Hayo ndiyo ninajua." Mmoja akaomba msasa, kazi ikaendelea.

Nilirudi nyumbani nikalia. Lakini jioni hiyo nilipika, nikala nikashiba.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa gunia, ambaye sasa anainamisha kichwa hapo kwa sababu hapendi kusifiwa. Namshukuru mama mkwe, apumzike. Ninalowaachia ni dogo. Ukiombwa neno juu ya mtu ambaye hayupo, tafuta zuri moja unalolijua kweli, liseme, kisha urudi kwa kazi yako.

Mwenzangu bado hajarudi. Nasikia anasugua peke yake nyuma ya nyumba, na najua ni aibu, maana hata mimi ningeona aibu. Kama yuko hapa leo simwangalii, mnaona naangalia dirisha. Dada yangu, upande wako wa beseni sijaketisha mtu. Kesho nitateka maji mapema.