Kiti Kimoja, Majina Mawili: Bibi Zipu Anashuka Basini

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufungua na kufunga mlango wa basi la shule yetu, mhudumu ambaye kila mtoto humwita Bibi Zipu atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 28 Novemba. Mwalimu mkuu ameniomba niandike wasifu wake katika jarida la shule kwa sababu nimepanda basi lake tangu darasa la kwanza. Nimeandika niliyoyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona nimemuuliza yeye, dereva wake, na mama yangu.

Bibi Zipu alianza kazi hapa kama mfagiaji wa mabasi. Wakati huo shule ilikuwa na basi moja tu, na mlango wake ulifungwa kwa kamba. Mhudumu wa kwanza alipopata kazi kwingine, dereva alikataa kuletewa mtu mgeni. Alimtaka mama wa ufagio, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua ni mtoto gani huacha nini chini ya kiti. Aliwahi kuokota jino dogo lililofungwa kwenye karatasi, akalihifadhi mfukoni siku mbili mpaka mwenyewe alipojitokeza, akiwa na pengo na machozi.

Jina la Bibi Zipu lilitokana na kazi yake mlangoni. Mtoto hapandi wala hashuki mpaka zipu ya mkoba wake iwe imefungwa. Aliyeuacha mkoba wazi huulizwa kama amefungua duka, na kama wateja wamekuja. Kisha Bibi huifunga zipu mwenyewe, hugonga mkoba mara mbili kwa kiganja, na mtoto huruka chini. Wakubwa wa sekondari hujifanya wamechoshwa na utani huo, lakini nimewaona wengi wakifungua zipu makusudi basi linapokaribia kituo chao.

Dereva wake wa miaka yote hiyo anaitwa Pole Pole. Bibi humtania kwamba konokono wakimkuta mbele humpigia honi. Pole Pole hutabasamu tu kwenye kioo. Ameniambia kwamba katika miaka ishirini na saba amewahi kukimbiza basi siku moja tu. Siku hiyo naijua vizuri, na sitaweza kueleza kazi ya Bibi Zipu bila kuieleza.

Miaka mitatu iliyopita bei ya mafuta ilipanda, na ada ya basi ikapanda nayo. Kila mtoto alilipiwa kiti chake, hata kama wametoka tumbo moja. Nyumbani kwetu tulikuwa wawili, mimi darasa la sita na mdogo wangu darasa la pili. Mama hufua mashuka ya hospitali, na viti viwili vingemeza karibu nusu ya mshahara wake. Kwa hiyo alilipia kimoja, kadi ikaandikwa jina langu, nasi tukagawana siku. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mdogo wangu alipanda, na mimi nikatembea. Jumanne na Alhamisi zilikuwa zangu. Siku zangu mama aliamka mapema zaidi, akamsindikiza mdogo wangu kwa miguu mpaka shuleni, kisha akakimbilia kazini.

Hatukuwa peke yetu. Fundi seremala wa mtaani kwetu alimhamishia binti yake mdogo kwa shangazi anayekaa karibu na shule, akawa anamwona mwisho wa juma tu. Watoto wa mlinzi mmoja walitembea vituo vitatu ili wapandie mahali ambapo ada ni ndogo. Bibi Zipu aliwajua wote hao kwa viatu. Alikuwa na kitambaa chenye maji kando ya ngazi, na mtoto mwenye vumbi mpaka magotini alipanguswa bila kuulizwa ametoka wapi.

Kanuni ya shule ilisema kadi ya basi haiazimwi. Bibi aliijua kanuni hiyo, tena ndiye aliyetusomea siku ya kwanza ya muhula. Lakini mdogo wangu alipopanda Jumatatu akiwa na kadi yenye picha yangu, Bibi aliitazama picha, akamtazama mtoto, akamfunga zipu na kumwonyesha kiti cha kumi na tisa. Tangu hapo akawa anaandika kwenye daftari lake, kwa penseli, "mkubwa" au "mdogo" kufuatana na siku.

Jumanne moja mdogo wangu aliamka na kidonda kisigino, nikampa siku yangu. Bibi alimwona akipanda, na alimfunga zipu kama kawaida. Lakini ilikuwa Jumanne, na mkono wake kwa mazoea uliandika "mkubwa". Mchana, basi likiwa tayari kuondoka, alisoma majina mlangoni kutoka kwenye daftari, akaita langu. Nilikuwa naelekea getini. Nikampungia mkono kwamba leo natembea, nikidhani mdogo wangu ameshakaa. Bibi akafuta jina, akafunga mlango, na basi likaondoka. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma ya tangi la maji akipumzisha mguu, akisubiri kusikia akiitwa.

Kituoni kwetu mama alikuwa akimsubiri. Walishuka watoto wanne, wa kwetu hayumo. Bibi alifungua daftari, akaona kosa lake, akamwambia Pole Pole ageuze gari, watoto wengine wakiwa bado ndani. Mimi nilikuwa nimefika nusu ya njia. Niliona basi la shule likinipita kwa kasi kuelekea nilikotoka, nikalipungia, halikusimama. Nami nikageuka, nikaanza kukimbia.

Walimkuta getini na mlinzi, amekalia mkoba wake, macho yamevimba. Zipu ilikuwa imefungwa vizuri. Nilipofika nikihema, Bibi alikuwa amepiga magoti chini mbele yake.

Kamati ya usafiri iliitwa siku ya tatu yake. Mimi na mdogo wangu tulikaa kwenye benchi la nje, na mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto. Karani wa usafiri alisoma kanuni. Mzazi mmoja akasema familia isiyoweza ada itafute shule ya karibu, na kiti chetu apewe mwingine anayekisubiri. Mama alikuwa ameweka mkoba wake magotini, akiushika kwa mikono miwili. Nilijua kwamba kiti kikiondoka, mmoja wetu angebaki nyumbani, na nilishaanza kufikiri ni nani.

Bibi Zipu akasimama na daftari lake. Alisema, "Mtoto huyu hakuachwa na mama yake. Nimemwacha mimi, kwa sababu daftari langu lina jina moja na kiti kina watoto wawili."

Mwenyekiti, ambaye ni mfamasia na mtu mpole, alimuuliza kama anaelewa kwamba maneno hayo yanaweza kumwachisha kazi. Bibi akajibu kwamba anaelewa, na akaomba amalizie kwanza. Akageuza daftari juu ya meza ili wote waone maandishi ya penseli. Viti tisa vilikuwa na watoto wawili wawili. Akaomba waandikwe kwa wino, ili mhudumu yeyote ajue amepakia nani na anamdai nani mchana. Ndipo Pole Pole, ambaye hakuwahi kusema lolote kikaoni, akauliza kutoka nyuma kama kuna aliyewahi kuona basi likinywa mafuta zaidi kwa sababu ya mtoto wa darasa la pili. Watu wakacheka. Karani hakucheka, lakini alichukua kalamu, akaanza kuhesabu viti vinavyokwenda vitupu kila asubuhi.

Bibi alipewa barua ya onyo. Imo kwenye faili lake hadi leo, na ameniruhusu niitaje. Anasema ndiyo barua pekee ya ofisini aliyoisoma mara mbili. Muhula uliofuata shule ilianza kutoa kadi yenye majina mawili, na mtoto wa pili wa familia akawa analipa nusu. Mama alilipa nusu hiyo, nasi sote wawili tukapanda kila siku. Binti wa fundi seremala alirudi kulala kwao.

Bado wapo wanaotembea. Bibi ameacha orodha yao, majina kumi na mmoja, ndani ya daftari atakalomkabidhi mhudumu mpya. Ameandika kwa wino. Karani ameniambia kwamba orodha hiyo itasomwa kwenye kikao cha Januari, nami nina imani naye.

Ijumaa iliyopita alifanya mazoezi ya kuaga, kama alivyoyaita. Alimwachia mhudumu mpya mlango, naye akakaa kama abiria, kiti cha kumi na tisa. Kituoni kwetu alisimama ashuke aje kusalimia nyumbani. Mkoba wake mkubwa wa mkononi ulikuwa wazi, kitambaa cha viatu kikichungulia nje. Mdogo wangu, ambaye sasa yuko darasa la tano, alimzibia njia kwenye ngazi.

"Bibi, naona leo umefungua duka."

Akaifunga zipu mpaka mwisho, akaugonga mkoba mara mbili kwa kiganja, kisha akampisha.

Kwa niaba ya wote uliowahi kuwapangusa viatu, na kwa niaba ya mama zetu waliokungoja vituoni, asante, Bibi Zipu. Tunakutakia asubuhi za kuamka utakapo, afya njema, na barabara isiyo na vumbi. Siku utakayotaka kututembelea, utakuta nafasi basini, na jina lako litakuwa limeandikwa.