Mzee Nehemiah Shikanga na Miaka Arobaini ya Joto la Likuyani

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu, majirani wa Likuyani, na nyinyi mliotoka Lubao mkisukuma gari kwenye matope tangu alfajiri, poleni kwa msiba na poleni kwa safari. Mimi ni Risper, mtoto wa tano wa marehemu, na ijapokuwa ilipangwa kaka yangu Weldon asome historia ya marehemu, nimemwomba anipishe, kwa sababu katika historia hii kuna jambo ambalo nisipolisema leo litazikwa pamoja na Baba, na jina lake litabaki likitiliwa shaka kwa kosa ambalo si lake. Mwenyekiti wa kamati amenipa dakika kumi na ameshaanza kutazama saa, nami nimemwona.

Mzee Nehemiah Shikanga alizaliwa tarehe 6 Aprili 1931 huko Lubao, akiwa wa pili kati ya watoto wanane. Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1940 hadi 1947, akawa wa kwanza katika hesabu miaka yote, jambo ambalo alitukumbusha kila tulipoleta ripoti nyumbani, hadi tukalikariri.

Mwaka wa 1952 alikuja hapa Likuyani kuwa karani katika shamba la mzungu, na tarehe 1 Juni 1956 akapewa kazi ya kusoma vipimajoto, vile viwili vilivyomo ndani ya kisanduku cheupe cha mbao mnachokiona pale karibu na ghala, kimoja kikishika joto la juu kabisa la mchana na kingine joto la chini kabisa la usiku, na kazi yenyewe ilikuwa kufungua kila siku saa tatu kamili asubuhi, kusoma, na kuandika. Mzungu alipoondoka mwaka wa 1964 na ardhi ikagawanywa, wenzake waligombania mabati na milango, yeye akaomba kisanduku na madaftari, watu wakamcheka sana. Aliandika miaka arobaini na mmoja kwa jumla, thelathini na mitatu ya mwisho bila mtu kumwajiri, akiwa pia mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa.

Alimuoa mama yetu Jael tarehe 17 Desemba 1955, wakajaliwa watoto sita, mkubwa wetu akiwa Masinde, aliyetutoka Julai 1983. Mama aliwahi kusema kwamba ameolewa na mume mmoja na vipimajoto viwili, na kwamba vile viwili havijawahi kusahauliwa asubuhi hata moja.

Sasa naomba mtulie, najua mnatazama mawingu, nami pia nayatazama.

Wengi wenu mlikuwepo tarehe 14 Septemba 1996, pale ukumbini, afisa wa kilimo alipotuita tujadiliane kama tuache mbegu ya mahindi ya msimu mrefu, kwa kuwa mvua zimevurugika na mbu wamefika mahali ambapo zamani hawakujulikana. Baba alisimama na madaftari yake, akasema kwamba usiku wa Likuyani umeongezeka joto kwa karibu digrii moja, ukilinganisha miaka kumi ya kwanza na miaka kumi ya mwisho, na kwamba hali ya hewa imebadilika na si maneno ya wazee. Mwalimu Onesmus Mukhwana, rafiki yake wa miaka mingi na mwalimu wa jiografia, ambaye ameketi pale mbele, akampinga. Alisema kwamba miti iliyokizunguka kisanduku ilikatwa, kwamba nyumba ya nyasi imekuwa ya mabati, na kwamba boma moja haliwezi kushuhudia kwa niaba ya dunia nzima. Kisha akafungua daftari la Julai 1983, akaonyesha joto la usiku lililoruka digrii nne kwa siku tano mfululizo, akauliza kulikuwa na nini, na mtu wa nyuma akajibu kwamba hilo lilikuwa tanga la Masinde.

Ndugu zangu, ni sisi peke yetu tungeweza kufanya kosa la namna hiyo. Waombolezaji waliwasha moto wa tanga pale penye uwazi, hatua chache kutoka kwenye kisanduku, wakakesha wakiuota, na asubuhi Baba, akiwa amefiwa na kifungua mimba wake, akaenda saa tatu, akasoma, akaandika alichokiona. Ikagunduliwa kwamba ilikuwa hivyo kwa Nyanya mwaka wa 1974, na kwa shangazi mwaka wa 1991. Mwalimu akasema kwamba Mzee Shikanga hapimi hali ya hewa, anapima matanga yetu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, mimi nikiwemo, Mungu anisamehe.

Baba hakucheka. Alirudi nyumbani, na kwa miezi saba alipitia madaftari yote, akafuta kila siku ya tanga lililowahi kukaa katika boma hili, hata zile za mwanawe, kisha akapiga hesabu upya. Mwalimu alikuja kila Jumapili kubishana naye, wakapandishiana sauti mpaka kuku wakatawanyika, halafu Mama akaleta obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, wakala kutoka sahani moja, na mgeni asiyewajua angedhani ni watu wawili tofauti na wale wa saa moja iliyopita.

Tarehe 12 Aprili mwaka huu alirudi ukumbini, akasema kwamba matanga yameondolewa na bado zimebaki nukta nane za digrii, yaani sehemu nane kati ya kumi. Mwalimu akakubali kwamba hiyo ni kazi safi, ila akauliza swali moja, nani alisoma vipimajoto kuanzia tarehe 3 Februari hadi 20 Machi 1989, Mzee alipolazwa na Mama akaenda kumuuguza. Baba akajibu kwamba ni Risper, na kwamba bintiye si mwongo. Watu wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni haya ya kusifiwa.

Nilikuwa mwongo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, nina hasira na boma hili na kila kilichomo, na siku hizo zote arobaini na sita sikukifungua kile kisanduku hata mara moja. Kila Jumamosi niliketi jikoni nikajaza namba za wiki nzima kwa mkupuo, nikiongeza hapa na kupunguza pale ili zifanane na za kweli. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilifika miaka minane, na ilipita mbele ya Baba akiniapia hadharani. Mwalimu Mukhwana, ulikuwa na haki ya kuuliza.

Baba alianza kuugua shinikizo la damu mwaka wa 1992, figo zikafuata, akalazwa mjini Kakamega tarehe 27 Oktoba 1997, na akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Nilikaa naye siku kumi na tano, kila siku nikijiambia nitamwambia kesho, kwa maana mgonjwa hapewi habari mbaya, hicho ndicho kisingizio nilichojipa.

Juzi nikafungua daftari la mwaka wa 1989, nizifute mwenyewe zile namba zangu za uongo kabla ya mazishi. Nikakuta kurasa zangu ni safi, hazina doa la tope wala tone la mvua kama za kwake, mtu yeyote mwenye macho angejua ziliandikwa ndani ya nyumba. Na juu ya siku zote arobaini na sita kulikuwa na mstari wa penseli, umefifia kwa miaka, na pembeni, kwa mkono wake, maneno matatu, Zisihesabiwe. Mtoto asiulizwe.

Hazikuwemo kamwe katika hesabu yake. Nukta nane ni zake mwenyewe, Mwalimu, na madaftari yapo mezani, yachukue uendelee kumpinga, kwa sababu miti ilikatwa kweli, mabati yapo kweli, na hayo sina jibu lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa dada Chemutai aliyemgeuza kitandani kama babake mzazi, majirani mliotulimia tulipokuwa hospitalini, wazee wa kanisa, na wakulima wenzake mliobishana naye bila kumchukia.

Baba, uliniapia ukijua, na hukuniuliza. Nimesema bila kuulizwa. Pumzika kwa amani.