Inua Kidevu

Mzee alikuwa amehudumu mochwari miaka ishirini bila kuogopa maiti hata mmoja, lakini hadithi za kutisha zilimshinda. Basi asubuhi moja akaketi kwenye treni mbele ya mwanamke fundi cherehani, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, aliyekuwa akisoma kitabu huku akijisemea, "Mchinje tu, mchinje."

"Mwanangu, unasoma nini hicho?"

"Mauaji ya mji mdogo, baba. Huyu ni mtu wa saba." Akamsomea kwa sauti jinsi maiti alivyokatwa tena na damu ikaruka hadi darini, macho yakimng'aa.

Mzee alisikiliza akiwa amefumba jicho moja. "Huyo keshakufa. Aliyekufa harushi damu mpaka darini."

"Baba, usiniharibie utamu."

"Na kwa nini mji mdogo? Wauaji si wamejaa miji mikubwa?"

"Kule unauawa na usiyemjua. Huku anakuua aliyekuamkia asubuhi na watoto akawaulizia. Hapo ndipo mwili unaposisimka."

Mzee alikuwa ameshafika ukingoni mwa kiti. "Sasa muuaji ni nani?"

"Fundi cherehani. Anawapima shingo, na kidevu wanainua wenyewe."

"Uongo huo. Mtu mzima lazima ashtuke."

"Nani anamshtukia fundi?"

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Fundi akafunga kitabu, akamkagua mzee kuanzia juu, kama mafundi wote. "Kola yako imefumuka, baba. Hebu niione."

"Lazima ashtuke," mzee akasisitiza, na kidevu akainua.