Papa Ruffin Nzabonimpa na Somo la Risasi Inayoanguka

Papa Ruffin Nzabonimpa alianza kufundisha fizikia katika shule yetu hapa Keshero mwezi wa Septemba 1975. Tarehe 2 Julai 2007, baada ya miaka karibu thelathini na miwili, anaingia pensheni.

Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika jamaa ya wachungaji. Baba yake alimwachia bunduki moja yenye kibali cha kuwinda, na kwa miaka mingi wakulima walimwita kila nguruwe wa porini walipoingia katika viazi vyao. Wanafunzi wake wa zamani wanakumbuka kwamba somo la vitu vinavyoanguka alilifundisha kwa bunduki hiyo, ikiwa tupu, juu ya meza. Alieleza kwamba risasi haiendi moja kwa moja kama mwanga. Inaanza kuanguka mara tu inapotoka mdomoni mwa bunduki. Bunduki yake ililenga sawa kwa mita mia. Kwa mita mia mbili risasi ilikuwa imeshuka karibu shibiri moja, na mwindaji alipaswa kulenga juu kiasi hicho.

Somo hilo alilipata kwa aibu. Siku moja karibu na Sake alimpigia risasi nguruwe aliyekuwa chini kabisa bondeni. Alihesabu vizuri, akalenga juu, na risasi ikapita juu ya mgongo. Wakulima hawakumsamehe. Wiki nzima walimsalimu njiani: "Prof, nguruwe ile imekushinda physique!" Papa Ruffin alirudi ubaoni akaona kosa lake. Unapopiga kuelekea bondeni, mteremko hauhesabiki wote. Unaohesabika ni umbali wa usawa, ambao ni mfupi zaidi. Kwa hiyo risasi inashuka kidogo kuliko unavyodhani. Watu wa vilima hukosea hapo daima, kwa sababu kitu kilicho chini yao huonekana mbali.

Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Kibati na kuni zikaisha karibu na kambi, wanawake walikwenda kuzitafuta mpaka mpakani mwa msitu. Asubuhi moja mbogo mwenye waya wa mtego mguuni alitoka huko. Alikuwa amekwisha kumjeruhi mwanamume mmoja. Mama Ernestine, mkaaji wa Kibati, alijitupa katika shimo la mawe ya volkano pamoja na binti yake wa miaka miwili. Mbogo akasimama mbele ya shimo, haondoki. Papa Ruffin aliitwa kutoka darasani.

Uwanja ule wa mawe hauna hata kichaka cha kujifichia, basi alipanda kilima chenye mteremko mkali kilicho kando. Kutoka juu aliona vyote viwili: mbogo, na nyuma yake tu, lile shimo. Risasi ambayo ingepita juu ya mgongo ingeanguka humo. Watu walikuwa wengi, wenyeji na wakimbizi, na wote walikuwa walimu. "Papa prof, piga juu! Iko mbali sana!" "Juu ya mugongo, muzee, juu!"

Papa Ruffin alitoa chaki mfukoni, akanyoosha mkono na kuishika mbele ya jicho. Kimo cha mbogo mzima aliye mita mia kinalingana na unene wa chaki. Huyu alikuwa nusu yake: mita mia mbili za mteremko, lakini za usawa mia na hamsini tu. Mmoja akapiga kelele: "Iko naandika nini kule? Piga!" Alilenga ndani ya mwili, nusu shibiri juu ya moyo, akapiga mara moja. Mbogo alipiga magoti palepale. Mama Ernestine alitoka shimoni na mtoto mgongoni, akiuliza nani anakuja kumsaidia kubeba kuni zake.

Tangu vita vya 1996, watu wenye silaha walimjia zaidi ya mara moja wakitaka awafundishe vijana wao kupiga mbali. Aliwajibu kwamba yeye ni mwalimu wa shule, na shule ina saa zake. Bunduki aliirudisha serikalini. Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano tumejifunza somo lile kwa maji yanayoruka na kuanguka kutoka mpira wa bustani, nalo linaeleweka vilevile.

Binti wa Mama Ernestine anaitwa Généreuse. Mwezi wa Septemba ataanza mwaka wa tatu wa sayansi katika shule hii, miezi miwili baada ya Papa Ruffin kuondoka. Tulimwomba Papa Ruffin arudi siku moja tu, darasa la Généreuse litakapofika kwenye vitu vinavyoanguka. Amekubali.

Siku nyingine zote ni zako, Papa. Asante kwa kazi yako. Ukae vizuri kule Lac Vert na mkeo, Mama Léonie, amani ikufikie mlangoni, na mbuzi wako wanenepe.