Shikamooni, Wakubwa: Maisha ya Mzee Lazaro Marko Mlahagwa, 1952–2025

Ndugu, majirani na marafiki, leo Jumatano tarehe 12 Februari 2025 tunamsindikiza Mzee Lazaro Marko Mlahagwa, Baba Goodhope, fundi seremala na mfuga nyuki wa hapa Mikumi. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Scholastica, kwa niaba ya familia. Watani wameshadai azikwe na kopo la asali. Familia imewajibu kwamba kopo lipo, ila litabaki huku juu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1952 huko Mamboya, mtoto wa tatu wa Mzee Marko Mlahagwa na Bibi Rutha. Baba yake alikuwa na mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na siku hizo asali ilirinwa kwa moto. Lazaro alipopelekwa mara ya kwanza kushika mwenge, alirudi nyumbani analia. Wenzake walidhani ameumwa na nyuki, kumbe alikuwa anawalilia nyuki walioungua. Alitaniwa kwa machozi hayo mpaka ndevu zikaota mvi, na wala hakuyakana.

Alianza shule ya msingi Mamboya mwaka 1960 na kumalizia Berega mwaka 1967. Tusimpambe sana marehemu: mwandiko wake ulikuwa mbovu, na barua zake zilisomwa kwa kukisia. Lakini mpe ubao na penseli, mstari wake haukupinda.

Mwaka 1972 aliajiriwa na reli kama seremala, akaishi Kilosa. Huko ndiko alikokutana na Salome, binti wa Mzee Lupakisyo aliyekuwa mfanyakazi wa mashamba ya mkonge Kimamba. Walifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1978. Bwana harusi hakuwa na zawadi ya maana zaidi ya kitanda cha mninga alichokiranda mwenyewe. Shangazi za bibi harusi walikicheka kwa ufupi wa miguu yake. Kitanda hicho kipo mpaka leo, na hakijawahi kulia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Goodhope na kitinda mimba wao Loveth.

Kazi ya reli ilipokwisha, mwaka 1996 familia ilihamia Mikumi, Mzee akawa anatengeneza milango na meza. Mwaka 2004 mbao zilimbakia, akaunda mzinga wa kwanza, akauweka nyuma ya nyumba, ng'ambo ya mipapai. Nyuki wakaja wenyewe. Akaunda wa pili, kisha mwingine, mpaka bustani ikawa manzuki kamili, yaani makazi ya nyuki, yenye uzio wa michongoma ili mbuzi na wapita njia wasiingie.

Sasa, wengi hapa mmewahi kumsikia akiwaamkia nyuki, na wengine mlidhani ni uzee. Asili yake ni hii. Siku moja mwaka huohuo wa 2004 alikuwa amegombana na mteja, akaenda kufungua mzinga na hasira zake, kwa pupa, bila hata kuwasha moshi vizuri. Nyuki walimshughulikia. Uso ulivimba, macho yakazibika, akarudi akipapasa ukuta. Mlangoni alikutana na Loveth, wakati huo wa miaka minane, aliyemtazama na kusema kwa adabu zote, "Shikamoo babu. Baba hayupo, ameenda kwa nyuki."

Uvimbe ulipopungua Mzee alitoa hukumu: ameadhibiwa kwa kuingia kwa watu bila salamu. Tangu hapo hakugusa mzinga kabla ya kusimama mbele yake na kusema, "Shikamooni, wakubwa." Kisha alinyamaza, akasikiliza mvumo wao. Mvumo ukiwa mtulivu, hiyo ndiyo marahaba, anafungua. Ukiwa mkali, anarudi kesho. Alipoulizwa mzee mzima anawaamkiaje wadudu, alijibu, "Hawa walikuwepo kabla ya babu yangu. Na mtaka cha uvunguni sharti ainame."

Mama Salome hakuwa na mpango wa kuinama. Kwa miaka yote hiyo mpaka wake ulikuwa mpapai wa kwanza. Hapo ndipo aliposimama kumwita mumewe kula.

Novemba 2023 Mzee alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikakosa nguvu. Alitibiwa, akarudi nyumbani, lakini kwenye mizinga hakuweza kufika tena. Goodhope, anayefanya kazi Dodoma, alisema ukweli ambao wengine waliumeza: nyuki wasio na mtu watahama, au wataumiza watu. Mzee alikubali shingo upande. Kama ukifika msimu wa kurina wa Juni 2024 na nyumba hii haina mtu wa kufungua mzinga, basi mizinga yote ichukuliwe na Nassir, mfugaji wa Magole. Baada ya maneno hayo hakula chakula cha mchana. Salome alikirudisha jikoni, na moyo ukamuuma.

Jioni moja ya Juni hiyo, Salome alitoka chumbani amevaa ovaroli ya mumewe, miguu ya ovaroli ameikunja, wavu wa kichwa umekaa upande, bomba la kufukizia nyuki moshi mkononi. Mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake barazani nyuma ya nyumba, alimtazama bila kupepesa.

"Unakwenda wapi, Mama Goodhope?"

"Kwa hao wakubwa zako."

"Hujafanya mazoezi ya salamu."

"Mimi siamkii wadudu, Baba Goodhope."

"Basi ukirudi tutakuita bibi."

Alivuka mpapai. Mbele ya mzinga wa kwanza alisita, na kwa kukosa la kufanya akajikuta amesema, "Shikamooni, wakubwa." Akasubiri.

"Marahaba," sauti ikatoka barazani.

"Nimewaamkia nyuki, siyo wewe!"

"Wamenituma."

Salome alicheka, na kicheko kile kikatuliza mikono yake. Alifungua, akatoa masega yaliyojaa asali, akaacha yenye watoto wa nyuki kama alivyoelekezwa kutoka kwenye kiti, na jioni hiyo Mzee alikula mpaka akalamba vidole. Nassir alipokuja, aliondoka na chupa moja ya asali. Miezi yote iliyofuata Mzee alikuwa akikaa pale barazani akimtazama mkewe, akimkosoa pasipo haja, mwenye furaha ambayo sisi ndugu zake hatukuwa tumeiona tangu augue.

Mapema Februari moyo wake ulidhoofika, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025 alifariki nyumbani, mkewe akiwa pembeni, juu ya kitanda kile cha mninga.

Jana, waombolezaji walipojaa uani, mvumo wa nyuki ulipanda, na wengine wakashauri mizinga iondolewe. Salome aliinuka mkekani. Akina mama walimzuia, maana mjane hatembeitembei, naye akasema, "Niacheni nikawaamkie wakubwa." Alisimama mbele ya mzinga wa kwanza, akawaamkia. Kisha, kwa mazoea, akageuza shingo kuelekea barazani.

Kiti kilikuwa kitupu. Loveth alikuwa amesimama nyuma yake.

"Marahaba," Loveth akasema.

Shangazi mmoja alishika kinywa. Binti kumwitikia mama yake mzazi marahaba! Loveth mwenyewe alishtuka. Lakini Salome alimtazama, machozi yanamtoka, akauliza, "Wamekutuma?"

"Wamenituma, mama."

"Haya. Kesho kutwa tafuta ovaroli yako."

Mizinga haiondoki. Marehemu ameacha mjane, Salome, watoto wawili, Goodhope na Loveth, wajukuu watano, mdogo wake Scholastica, na wale wakubwa wa ng'ambo ya mipapai.

Kaka, kazi yako imepata wenyewe. Lala sasa, na amani ya Mungu ikulinde. Tunaomba sote tusimame, tumwamkie kwa pamoja, halafu tunyamaze kidogo na kusikiliza, kama alivyotufundisha.

Shikamoo, Mzee Lazaro.