Mikono ya Dada Moza

Kijiwe chetu kiko Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kwenye benchi la mbao lililoegemea ukuta wa chumba cha Dada Moza. Wa kudumu ni wanne. Kuna mzee Mwinyimvua mwenye birika la kahawa. Kuna Pantaleo, fundi viatu, mtu wa Masasi, tunayemwita Balozi kwa sababu anasuluhisha hata ugomvi ambao hakuitwa. Kuna Nurdin muuza chaja, yeye jina lake Gugo, maana kila kitu lazima akitafute kwenye simu. Na mimi, nauza mabegi ng'ambo ya barabara. Dada Moza mwenyewe ni mchora hina. Mabibi harusi wanamfuata kutoka Magomeni mpaka Kigamboni, na sijaona mkono mwepesi kama wake. Ua zima analichora bila kuinua koni ya hina.

Mwaka jana, baada ya mfungo, tukaona ameanza kuvaa mikono mirefu. Baadaye glavu. Siku moja alizivua anawe bombani, tukaona wote. Vidole na viwiko vilikuwa na mabaka yaliyoiva kama zambarau, na juu yake magamba meupe yanayopukutika. Kucha zilikuwa na vishimo vishimo.

Basi kijiwe kikapata kazi. Gugo akasema ni fangasi, ameshasoma, inaletwa na maji ya visima. Balozi akakataa, akasema ni piko, ile dawa nyeusi wanayochanganya na hina. Mzee Mwinyimvua akashusha birika, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwanamke anayesifiwa kila harusi hakosi mtu wa kumtupia kijicho. Gugo akapanda juu zaidi, akaleta mionzi ya simu. Balozi akaleta vumbi la makontena. Mimi nami, sijui nilitoa wapi, nikasema ni pweza, watu wa pwani wanamla mno. Tukabishana habari ya pweza karibu saa nzima. Dirisha la Dada Moza liko juu ya vichwa vyetu.

— Na hiyo kahawa mnywe taratibu, akasema kutoka ndani. Isije ikawa ndiyo yenyewe.

Tuliona aibu, lakini aibu haikutufundisha kitu. Wiki ile ile shangazi mmoja alimleta bibi harusi wake, akaiona mikono, akamshika mwali bega na kusema kuna sufuria wameacha jikoni. Hawakurudi. Mwezi haukuisha viti vyake vikawa vitupu. Na sisi tukafanya ya kwetu. Mimi niliacha kumpa mkono, nikawa naweka kiganja kifuani kama mtu mwenye heshima nyingi. Mzee Mwinyimvua alianza kumtilia kahawa kwenye kikombe cha plastiki cha kutupa. Moza alikiona, akakipokea, akanywa.

Alikuwa ameshahangaika sana. Duka la dawa walimuuzia mafuta ya fangasi, akamaliza tyubu tatu. Kuna mtu akamletea krimu ya kuchanganywa, kikopo hakina hata jina. Ilimsafisha wiki mbili, na ilipoisha mabaka yakarudi maradufu. Alioga majani, alikunywa mizizi. Mwisho akafunga chumba, akaenda zake hospitali ya Mnazi Mmoja, peke yake. Pale wakampa barua ya rufaa kwenda kliniki ya ngozi ya hospitali kubwa. Daktari, mwanamke anayeitwa Violeth, alimkagua viwiko, kichwa na kucha, akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Majibu yalipotoka akamtajia jina: soriasisi.

Siku hiyo Moza hakuingia ndani. Alivuta kigoda, akakaa akitutazama, akavua glavu.

— Mmenitibu sana nyinyi, akasema. Leo nisikilizeni mimi.

Akatueleza kwamba kinga ya mwili wake imekosea adui. Ngozi inayotakiwa kuchukua kama mwezi kujitengeneza, yake inakimbizwa kwa siku chache, kwa hiyo inarundikana. Hakuna dawa ya kuumaliza huo ugonjwa, ila zipo za kuutuliza. Piko ameambiwa aiache, na kujikuna aache, na akiwa na mawazo mengi utapanda. Tena hauambukizi. Haupiti kwenye mkono, wala kwenye shuka.

Mzee Mwinyimvua akakitazama kile kikombe cha plastiki.

— Wala kikombe? akauliza.

— Wala kikombe, mzee wangu.

Akainuka, akasuuza kimoja cha kauri, akamtilia. Alijaza mpaka kahawa ikamwagika kidogo kwenye kisahani.

Lakini ninachomvulia kofia Dada Moza kilikuja baadaye. Matibabu yalikwenda polepole. Alianza na mafuta asubuhi na jioni, kisha vidonge vya mara moja kwa wiki, na damu ikapimwa kila mara kuangalia ini. Siku ya vidonge alishinda na kichefuchefu. Mwingine angesubiri mikono isafike ndipo afungue. Yeye hakusubiri. Kila bibi harusi aliyekaa mbele yake, kabla ncha ya koni haijakatwa, aliweka mikono miwili juu ya meza na kuutaja ugonjwa kwa jina.

— Ukiogopa, nenda kwa amani. Ukikaa, nakuchora.

Watatu wa kwanza waliondoka. Wa nne alikaa. Nilimsikia dirishani akisema, basi dada anza na mkono wa kulia. Kutoka hapo wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mwezi wa nane wa matibabu mabaka yalikuwa yamebaki alama nyeusi tu, ingawa viwiko bado vinamsumbua baadhi ya wiki.

Sisi nasi tukageuka wataalamu. Kila anayepita tunamweleza kinga ya mwili. Balozi amefika mahali anasema sisi ndio tuliomshauri aende hospitali, uongo mtupu.

Jumatatu iliyopita akasimama mbele yetu binti mmoja, amevaa sweta katika joto lile. Akamwambia mzee shikamoo, akajitambulisha kwamba anaitwa Sophia, anatoka Magomeni, amesikia hapa wapo watu wanaoujua ugonjwa wa ngozi. Gugo akaanza, Balozi akamalizia, mimi nikaongeza kwamba pweza hana kosa. Alitusikiliza kwa adabu, huku akivuta mikono ya sweta ifunike vidole. Tulipomaliza akauliza:

— Kliniki yenyewe ni siku gani?

Gugo akatazama simu yake. Balozi akaokota kiatu ambacho hakikuwa na kazi. Mzee Mwinyimvua akafunua birika, akachungulia ndani. Miezi yote ile Moza alikuwa anakwenda na kurudi, na hakuna aliyewahi kumsindikiza wala kumuuliza.

Pazia la mlangoni likafunguka.

— Alhamisi, akasema Moza. Unatakiwa uwe umefika saa kumi na mbili asubuhi, na barua ya rufaa mkononi. Unayo?

Binti akatikisa kichwa.

— Basi tuanzie Mnazi Mmoja. Nitakupeleka.

Akamshika mkono, akaikunja ile sweta taratibu hadi kwenye kiwiko, akautazama mkono wa binti kama anavyotazama mkono wa bibi harusi kabla ya kuanza kuchora. Sophia akalia bila sauti. Sisi wanne tukainuka kwenye benchi, wao wakakaa.