Dada Verlene Boykin, Aliyekataa Kufuta Jina

Mchungaji, ndugu waombolezaji, ratiba mliyopewa mlangoni inasema historia ya marehemu itasomwa kimya, kila mtu na karatasi yake, kama ilivyo desturi yetu hapa, lakini Verlene aliiachia familia agizo kwamba yake isomwe kwa sauti, kwa kuwa kazini alinyamazishwa vya kutosha.

Marehemu Verlene Odell Boykin alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Greenwood, Mississippi, mtoto wa pili wa Bwana Cleophus Tolliver na Bibi Ozella, na mwaka 1957 wazazi walihamia hapa Toledo, baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha vioo, Verlene akasoma shule za hapahapa, akahitimu uuguzi Juni 1972.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika hospitali moja ya mjini, ambayo familia imekubaliana isitajwe leo, maana baadhi ya wakubwa wake tunao humu ndani, na karibuni sana. Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Bwana Harlan Boykin, fundi magari, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2011, wakajaliwa mabinti wawili, Denetra na Joycelyn.

Kwa miaka mingi Verlene aliomba nafasi ya mkuu wa wauguzi, na kila mara nafasi akapewa Mzungu aliyekuwa chini yake, kisha yeye akaombwa amfundishe kazi, akamfundisha, akarudi nyumbani akalia jikoni, na hilo tunalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1997 akajiunga na Programu ya Uongozi kwa Wanawake Weusi na Maji ya Kunde, iliyokuwa ikikutana katika chumba cha chini cha kanisa hili, ambako wanawake waliokwisha kukalia viti vikubwa walimfundisha kutaja kazi zake bila kuinamisha macho, kudai mshahara unaomstahili, na wakambana kwa maswali ya shari zaidi kuliko ya jopo lolote la usaili, mpaka akazoea.

Programu hiyo ina desturi kwamba mwenzao haendi kwenye usaili peke yake, basi tarehe 11 Mei 1998, siku ya usaili wake, darasa zima lilivaa kofia za Jumapili, likajaza viti vya korido ya hospitali, na mlinzi alipouliza wamekuja kumwona mgonjwa gani, mmoja wao, Bi Altagracia Rosado, akamjibu, “Hatuna mgonjwa, mwanangu, tumemsindikiza mkubwa wako.” Nafasi akaipata, akaishika hadi alipostaafu mwaka 2016, akaishawishi hospitali ifadhili programu, kisha akaiongoza mwenyewe, na wengi aliowalea leo ni wakuu wa shule, wahandisi na mahakimu.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na Agosti, akiwa hajiwezi kitandani, wakubwa wa hospitali walikuja kumtaka afute maneno “weusi na maji ya kunde” kwenye jina la programu, wakiogopa kushtakiwa kwamba wanabagua wengine, la sivyo wataondoa ufadhili. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia, “Mnanichanganya na programu. Anayekufa ni mimi.” Ufadhili ukaondolewa, wahitimu wakachangishana, jina likabaki. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, mabinti zake wote wawili wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomfuata nyumbani, majirani walioleta makaroni na kuku mpaka friji ikakataa kufungika, wafanyakazi wenzake wa zamani, na hospitali pia, kwa shada kubwa la maua, tumelipokea, liko nyuma karibu na mlango wa jikoni.

Darasa jipya linafunguliwa Jumatatu jioni katika chumba kilekile cha chini, kwa jina lote la programu, na Denetra ndiye atakayeliongoza. Wewe pumzika kwa amani, Verlene, umeifanyia kazi, sisi Jumatatu tuko chini kule.